Kamari ya mtu mwangalifu

Karibu saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwa ofisa mmoja wa kikosi cha wapanda farasi jijini St Petersburg, karata zinawekwa kando na chakula kinaletwa mezani. Waliokula usiku ule wanakula tena, kwa hamu. Walioliwa wamekaa mbele ya sahani tupu, mawazo yako mbali. Kisha inafunguliwa mvinyo, ndimi zinalegea, na mmoja anamnyooshea kidole kijana aliyekaa pembeni: mtazameni Hermann, injinia wa jeshi! Tangu azaliwe hajashika karata wala kuweka dau, lakini hukaa nasi mpaka alfajiri akitutazama tunavyocheza.

Hermann anajibu: "Mchezo unanivutia sana, ila hali yangu hainiruhusu kutoa kilicho cha lazima kwa kutumaini kupata cha ziada."

"Huyo Mjerumani, anapiga hesabu tu," anasema Tomsky, na mazungumzo yanahamia kwingine.

Hivyo ndivyo inavyofunguka "Malkia wa Shupaza", hadithi fupi ambayo Alexander Pushkin aliiandika kwenye shamba la familia yake huko Boldino miezi ya mwisho ya 1833, ikachapishwa mwaka uliofuata. Kila ninapomsikia mtu akiizungumzia, nasikia methali ile ile: tamaa mbele, mauti nyuma. Inaingia kwenye hadithi hii kama ufunguo kwenye kitasa chake, na ndiyo sababu naitilia shaka. Ukishaitamka, unafunga kitabu ukijiona umekisoma.

Hebu watazame waliomo chumbani. Surin anapoteza, na bado yupo mezani. Narumov mwenye nyumba, Tomsky, vijana wote wale wanachoma pesa mpaka jogoo anawika. Mwisho wa hadithi hakuna hata mmoja wao tunayeambiwa kaangamia. Tomsky anapandishwa cheo na kuoa binti wa ukoo mkubwa. Anayeishia wodini ni yule ambaye hakuwahi kucheza. Kama Pushkin alitaka kutuonya juu ya kamari, basi amechagua mtu wa ajabu wa kumwadhibu.

Ninavyoisoma mimi, tamaa inayochambuliwa humu si ya mcheza kamari. Mcheza kamari anapenda bahati. Anajua anaweza kuliwa, na nusu ya utamu uko hapo hapo. Hermann anataka pesa za kamari bila kamari yenyewe. Anataka uhakika.

Uhakika huo unamjia kwa njia ya porojo. Tomsky anasimulia habari za bibi yake, mke wa kabaila mkubwa wa zamani, kizee cha miaka themanini na zaidi. Miaka sitini nyuma, alipokuwa mrembo wa kupigiwa mfano Paris, alipoteza pesa nyingi mno kwa Duke wa Orléans katika mchezo wa karata uitwao farao. Mumewe, aliyezoea kumwogopa kama moto, safari hiyo aligoma kulipa. Akala kofi, bibi akaenda kulala peke yake, na asubuhi mume bado kagoma. Bibi akamwendea Saint-Germain, yule mtu wa vioja aliyevumishiwa kila kitu zama zile. Saint-Germain hakumkopesha hata senti. Alimpa siri ya karata tatu. Jioni ile ile, Versailles, bibi akazicheza moja baada ya nyingine, zote zikala, deni likaisha. Alizaa wana wanne, wote wacheza karata wa kufa na kupona, na hakumwambia hata mmoja.

"Bahati tu," anasema msikilizaji mmoja. "Hekaya!" anasema Hermann. Wa tatu anadhani karata zilitiwa alama. Kisha wanamaliza glasi zao na kwenda kulala. Siku ya pili yake kuna mmoja tu ambaye kisa kile kinamnyima raha, naye ni yule aliyesema "Hekaya".

Babake Hermann alikuwa Mjerumani aliyegeuka Mrusi, akamwachia mtaji mdogo. Kijana anaishi kwa mshahara peke yake; hata riba ya mtaji ule haigusi. Ndiye mtu ambaye kikundi chochote cha kuweka na kukopa kingemkabidhi ufunguo wa sanduku bila kupiga kura. Akitembea mjini huku kisa cha bibi kikimzunguka kichwani, anajikemea: hapana, hesabu, kiasi na bidii, hizo ndizo karata zangu tatu za uhakika, ndizo zitakazoukuza mtaji wangu mara tatu, mara saba, na kunipa utulivu na kujitegemea.

Hapo mimi husimama. Mara tatu, mara saba. Siri ya karata bado hajaambiwa na mtu. Atakuja kuambiwa baadaye sana kwamba ni tatu, saba na ree. Lakini tatu na saba tayari zimo kinywani mwake. Kwa Kirusi ni vitenzi viwili vinavyofuatana, utroit, usemerit, na msomaji mwenye haraka anavipita kama nguzo za barabarani. Ree je? Kwa Kirusi ree ni tuz, na neno hilo hilo humwita mtu mzito, yule sisi tunayemwita kigogo. Mara tatu, mara saba, kisha uwe kigogo: ndoto nzima ya mwana wa mgeni katika mji mkuu wa watu imo kwenye karata tatu.

Kuna na hesabu nyingine chini yake, ambayo Pushkin hakuiandika popote, kaiacha tu. Dau la Hermann litakuwa rubli 47,000, na kila usiku ataweka zote alizonazo. Faida baada ya usiku wa kwanza ni 47,000, yaani mtaji mara moja. Baada ya usiku wa pili ni 141,000: mara tatu. Angekula na usiku wa tatu, faida ingefika 329,000, ambayo ni mtaji wake mara saba kamili. Moja, tatu, saba, na kila mcheza karata anajua kwamba ree ni moja. Wachambuzi wengi husema Hermann aliitupa busara akaifuata tamaa. Namba zinasema alikuwa akiihesabu tamaa yake muda wote kwa kalamu ya busara.

Kinyozi wangu ni mtu wa namna hiyo. Habeti. Vijana wanaokaa kwenye benchi lake wakikuna vichwa juu ya mikeka huwacheka, na mkeka ukichanika huwauliza kama wamepeleka salamu kwa kampuni. Pesa yake huiweka. Kwa muda mrefu alikuwa akidunduliza anunue kioo kipya, kwa kuwa kile cha zamani kina ufa unaokugawa uso. Jumamosi moja, mashine ikiwa bado inaunguruma sikioni mwangu, akanionyesha simu. Kuna kundi ameingizwa, mtu anauza matokeo ya mechi zilizopangwa. Kiingilio shilingi 50,000. Nikamwambia, kaka, si wewe usiyebeti? Akazima mashine kabisa ili nimsikie vizuri. "Hii si kubeti. Hii ni taarifa."

Wauzaji wa taarifa wana mbinu nyepesi: kundi hili wanaliambia timu ya nyumbani itashinda, kundi lile wanaliambia itafungwa, na lolote litokee kuna kundi litakaloshuhudia muujiza na kulipia wa pili. Ya kwanza ya kinyozi iliingia. Za mbele sikumuuliza. Kioo chenye ufa bado kipo.

Maneno yake nayaona kila mahali tangu siku hiyo. Waliotoa pesa zao DECI, ule mpango wa upatu hapa Tanzania, kabla serikali haijaisimamisha mwaka 2009, wengi hawakuwa wacheza kamari. Walikuwa watu wa kanisani, watu wa kuweka akiba. Pale hapakutajwa dau. Palitajwa kupanda mbegu na kuvuna. Mwangalifu hanaswi kwa kuambiwa ajaribu bahati yake. Ananaswa kwa kuambiwa kwamba bahati haimo.

Rudi St Petersburg. Hermann anatafuta mlango wa kumfikia kizee, na hapa Pushkin anakuwa mkatili kwa namna inayochekesha. Kijana anafikiria hata kujifanya mpenzi wa bibi huyo, kisha anapiga hesabu: jambo hilo linahitaji muda, naye ana miaka 87, anaweza kufa baada ya wiki, au keshokutwa! Tatizo analoliona ni ratiba peke yake. Basi anamgeukia Lizaveta Ivanovna, binti maskini anayelelewa na bibi na kunyanyaswa mchana kutwa: anamimina chai akasemwa kwa sukari, anasoma kitabu akalaumiwa kwa makosa ya mwandishi. Hermann anamwandikia barua ya mapenzi. Ameinakili neno kwa neno kutoka riwaya ya Kijerumani. Liza hajui Kijerumani, kwa hiyo anafurahi.

Hatimaye Liza anamwelekeza namna ya kuingia ndani. Usiku wenyewe upepo unavuma, theluji mbichi inaanguka kwa mabonge, taa za mtaani zinamulika kwa shida. Hermann amesimama na koti lake jepesi, hasikii baridi. Saa tano na nusu anapanda ngazi. Nyuma ya pazia la chumba cha bibi kuna milango miwili. Wa kushoto unakwenda kwa Liza. Wa kulia unaingia kwenye chumba cha giza. Anaufungua wa kushoto, anaiona ngazi nyembamba ya kuzunguka inayopanda kwa msichana anayemngoja. Anarudi. Anaingia wa kulia. Katika farao, mwenye benki, yaani anayegawa karata na kulipa washindi, huangusha karata moja kulia na moja kushoto; ya kulia ni yake, ya kushoto ni ya mchezaji. Huenda natafuta sana, lakini kila nikifika hapo naona mtu amekwisha kuliwa kabla hajakaa mezani.

Kutoka gizani anamwona bibi akirudi kutoka dansini na kuvuliwa mapambo. Pini zinamwagika kama mvua. Gauni la manjano lililotariziwa kwa fedha linaanguka kwenye miguu iliyovimba. Linalobaki ni kizee cha manjano kisicho na usingizi, kinayumba kulia na kushoto kwenye kiti karibu na dirisha. Ndipo Hermann anajitokeza na kuomba siri. Bibi yuko kimya. Anadhani ni kiziwi, anainama sikioni, anarudia. Bibi anasema neno moja tu usiku ule: "Ilikuwa utani. Nakuapia, ilikuwa utani."

Sentensi hiyo ingetosha kuifunga hadithi, kama Hermann angekuwa na sikio la kuisikia. "Hili si jambo la utani," anajibu kwa hasira, na anaanza hoja zake. Unaitunzia nani siri hii? Wajukuu zako ni matajiri, hata thamani ya pesa hawaijui. "Mimi si mbadhirifu, najua thamani ya pesa. Karata zako tatu kwangu hazitapotea." Anajieleza kama mtu aliyekwenda kuomba mkopo: haombi kwa sababu ana shida, anaomba kwa sababu anaaminika. Anapiga magoti, anamwapisha bibi kwa mapenzi ya mke na ya mama, anajitolea hata kuzibeba dhambi zake rohoni mwake. Kisha anainuka, anamwita mchawi, anatoa bastola. Bibi anaangukia nyuma na kufa. Bastola haikuwa na risasi.

Nimewahi kumwonea huruma Hermann, na sijaacha kabisa. Tomsky na wenzake wanaweza kusikia kisa cha karata tatu wakakiona kisa, kwa sababu wakipoteza leo kuna mashamba yenye watumwa wa ardhi yatakayolipa kesho. Mwana wa mgeni akipoteza, amepoteza. Pushkin alikijua kiti hicho cha pembeni kuliko anavyoonyesha. Baba wa babu yake upande wa mama, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyeletwa akiwa mtoto katika nyumba ya mfalme Peter wa Kwanza, akapanda mpaka ujenerali. Kazi yake? Injinia wa jeshi.

Huruma yangu huishia chumbani kwa Liza, alfajiri ile, maiti ikiwa chini. Msichana analia; ametambua kwamba barua zote, kusimama kote barabarani, ilikuwa pesa. Hermann anamtazama. Machozi hayamgusi, wala kifo cha kizee hakimchomi. Linalomuuma ni moja tu: siri aliyotarajia imtajirishe imepotea na haitarudi. Tchaikovsky alipoigeuza hadithi hii kuwa opera mwaka 1890 alimfanya Hermann mpenzi wa kweli na kuwaua wote wawili kwa muziki mzuri. Ni opera kubwa. Lakini mtu aliyemo ndani yake anaeleweka upesi mno. Tumezoea kuwasamehe wapenzi.

Baada ya mazishi Hermann anakunywa kupita desturi yake, analala, anashtuka saa tisa kasorobo usiku. Bibi anaingia na nguo nyeupe. Amekuja kinyume cha matakwa yake, anasema, kaamrishwa. Tatu, saba, ree zitakula mfululizo, kwa masharti: karata moja tu kwa siku, na baada ya hapo usicheze tena maisha yako yote. Kifo changu nakusamehe, endapo utamwoa Lizaveta Ivanovna. Ni mzuka au ni mvinyo? Pushkin ameacha milango yote miwili wazi. Anachokifanya Hermann ndicho kinachonifurahisha: anawasha mshumaa na kuandika alichokiona. Amepokea ugeni kutoka kaburini, na la kwanza ni kuweka kumbukumbu. Liza hamfikirii tena.

Mezani kwa Chekalinsky, mwenye benki, mzee wa miaka sitini mwenye nywele za fedha na tabasamu lisilokauka, sheria ni nyepesi. Mchezaji anachagua karata yake kutoka kwenye seti yake, anaweka pesa juu yake. Mwenye benki anafunua za seti nyingine. Usiku wa kwanza, tisa kulia, tatu kushoto. Hermann anachukua pesa, anakunywa glasi ya maji ya limau, anakwenda zake nyumbani. Usiku wa pili, ghulamu kulia, saba kushoto. Chekalinsky anatahayari waziwazi, anahesabu 94,000. Usiku wa tatu majenerali wameacha michezo yao, wahudumu wamejazana sebuleni, mikono ya Chekalinsky inatetemeka. Malkia kulia, ree kushoto.

"Ree imekula!" anasema Hermann, akifunua karata yake.

"Malkia wako ameuawa," anasema Chekalinsky kwa upole.

Mkononi mwake hakuna ree. Kuna malkia wa shupaza, naye anaonekana kumkonyeza na kutabasamu.

Methali yetu haigusi hapa. Ree imeshinda kweli. Taarifa ilikuwa sahihi kwa karata zote tatu, uhakika ulikuwa uhakika. Kilichokosea ni mkono wake mwenyewe, kitu pekee ambacho hakukitia kwenye hesabu. Kwa siku kadhaa alikuwa akimwona msichana mwembamba anasema ni tatu ya kopa, mwanamume mwenye kitambi anamwona ree, na karata zile zilimwandama mpaka usingizini. Mtu wa hali hiyo anapewa seti ya karata achague moja, naye anachomoa uso wa kizee aliyemwua.

Hitimisho la Pushkin lina aya chache, kavu kama taarifa ya ofisi. Hermann yuko hospitali ya Obukhov, chumba namba 17, hajibu maswali, ananong'ona haraka haraka: tatu, saba, ree! tatu, saba, malkia! Lizaveta ameolewa na kijana mpole mwenye mali ya kutosha, mtoto wa aliyekuwa msimamizi wa mali za bibi. Sentensi hiyo haielezwi zaidi. Ila huko nyuma tuliambiwa, kwa kupitia tu, kwamba watumishi walionenepa na kuota mvi katika nyumba ile walishindana kumwibia kizee anayekwisha. Kumbe utajiri wa bibi ulikuwa unatoka miaka yote, kwa mlango wa nyuma, bila miujiza na bila bastola. Na Liza, tunaambiwa, sasa analea binti maskini wa ndugu zake. Anamwagiza amimine chai au la, hatuambiwi.

Pushkin mwenyewe alikuwa mcheza karata sugu. Ujanani aliwahi kumpa rafiki yake mswada wa mashairi kulipia deni la kamari, na alipouawa katika pambano la bastola mwaka 1837 aliacha madeni ya zaidi ya rubli 100,000, mfalme akayalipa. Wasomaji wa mwanzo wa hadithi hii walikuwa watu wa meza zile zile. Aprili 1834 aliandika kwenye shajara yake kwamba "Malkia wa Shupaza" imekuwa fasheni kubwa mjini: wacheza karata wanaweka madau yao kwenye tatu, saba na ree.